Mtoto Aliyetajwa Siku ya Tatu

Kasulu, Jumamosi alasiri

Mwanangu Devota,

Naomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Ni wiki mbili sasa tangu Jumapili ile uliponiuliza swali lako mezani, nami nikainuka kwenda kuwaangalia mbuzi ambao mama yako alikuwa ameshawafunga. Tangu siku hiyo tumekaa nyumba moja na kula chakula kimoja, nawe umeniamkia kila asubuhi, nami nimekuitikia kama mtu anayeitikia salamu ya mpita njia. Juzi ulimwuliza mama yako jikoni, ukidhani sisikii, "Baba amenuna nini?" Mama yako akakujibu, "Baba yako hanuni, anasahihisha." Mkacheka. Nilisikia.

Basi la Kibondo linaondoka kesho alfajiri, na mimi sina desturi ya kusema mambo ya maana stendi mbele ya wapiga debe. Sasa mmekwenda sokoni kutafuta sabuni na shuka, na nikimjua mama yako, hamtarudi kabla ya saa kumi na moja. Nina muda. Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana, si kwa sababu ya makosa ya lugha.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kufunga mlango. Umemaliza mafunzo ya uuguzi, wajua mambo hayo kuliko mimi, na yaliyosalia mama yako ameshakwambia mara nne. Nataka kuandika juu ya kosa langu moja. Ni kosa linalohusu swali lako.

Mimi ni mtu wa kushuku. Unanijua. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini, na kazi hiyo hunoa pua. Nilikuwa nikiitambua insha iliyonakiliwa kabla ya kumaliza aya ya kwanza, kwa sababu mwanafunzi mkweli hukosea makosa yake mwenyewe, na mwizi hukosea makosa ya jirani. Sijutii kushuku insha. Najutia kwamba kengele ya kutoka ilipolia, pua hiyo nilitoka nayo darasani nikaileta nyumbani, na kutoka nyumbani nikaipeleka kambini kwa wakimbizi.

Utakumbuka kwamba wanafunzi wangu waliniita Mwalimu Sporadiki. Walidhani sijui. Jina hilo lilitokana na somo moja nililolipenda kupita yote, la sifa za Kiingereza zinazoeleza mambo yasiyotokea mfululizo. Nilikuwa naliandika ubao mzima. Mvua zetu za Septemba, zinazonyesha kule Heru leo na kuruka siku nane kabla ya kunyesha tena, hizo ni "sporadic". Homa inayokupanda, ikakuachia ukadhani umepona, kisha ikarudi, hiyo ni "intermittent". Ikirudi kwa siku zake zinazojulikana, ni "periodic". Hadithi ya redioni inayosomwa kipande kila Jumapili ni "serial". Shamba linalolimwa kwa vipande, leo hapa kesho pale, bila mpango, limelimwa kwa namna ambayo Waingereza wanaiita "piecemeal". Siku moja kijana wa nyuma akanyoosha mkono, "Na basi la Kigoma, Mwalimu?" Darasa zima likacheka, nami nikamjibu bila kucheka kwamba basi la Kigoma ni "occasional", la mara mojamoja, na akae chini.

Niliyapenda maneno hayo kwa sababu yalikuwa kama droo za kabati. Kila kitu kinachokuja kikakatika kilikuwa na droo yake. Ulipokuwa na miaka sita ukaugua, nilikaa kando ya kitanda chako siku tano nikiandika saa za homa kupanda na kushuka, kisha nikakupeleka hospitali ya Kabanga na karatasi yangu ya Kiingereza. Daktari aliisoma akasema, "Mzee, umenirahisishia kazi." Sikuwa mzee wakati ule, lakini nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba ukilipata neno la jambo, umelishika jambo lenyewe.

Sasa tazama ulivyonipa habari zako.

Mwanzoni ulisema kuna kazi ya miezi mitatu katika zahanati ya kambi ya wakimbizi kule Kibondo, palepale ulipofanya mazoezi mwaka jana. Nikasema vema. Baada ya wiki moja, miezi mitatu ikawa mwaka. Baada ya wiki nyingine kukawa na kijana anayeandikisha wagonjwa hapo zahanati. Halafu kijana akawa na jina, Gervasi. Halafu Gervasi akawa Mrundi. Halafu akawa anakuja kutusalimu. Nilikwenda dukani kwa Mzee Hamisi kununua mafuta ya taa, naye akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Mwalimu, nasikia harufu ya pilau."

"Sijaambiwa," nikamjibu.

"Hujaambiwa au hujaambiwa yote? Huyo binti anakuuzia habari kwa rejareja, Mwalimu. Sisi wa dukani tunaijua biashara hiyo. Subiri, gunia zima liko nyuma."

Sikucheka. Nilikwenda njia nzima nikijiambia kwamba mtu mwenye ukweli husema mara moja, na anayesema kwa vipande anapima kipande kinachofuata kwa uso wa msikilizaji. Hivyo ndivyo nilivyokushuku, mwanangu, na ndivyo nilivyomshuku kijana huyo alipokuja mwezi uliopita na mkungu wake wa ndizi begani. Alivua kandambili mlangoni. Alijibu maswali yangu yote kwa adabu, na adabu yenyewe nikaishuku. Nilimwuliza mama yake hajambo. Akasema hajambo, anatusalimu, na anasema atakuja kutuona, buhoro buhoro. Neno hilo la kwao na la kwetu, pole pole, alilisema akitabasamu. Wewe ulitabasamu pia. Mimi nilijiuliza ni mama gani huyo anayetuma salamu za pole pole.

Ndipo ikaja Jumapili ile. Ulikuwa unamenya ndizi. Ukasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Gervasi na mama yake walipotezana wakati wa kukimbia kutoka Burundi. Yeye aliishia katika kambi ya huku kwetu Kasulu, na mama katika ile ya Kibondo. Waliishi hivyo mwaka mmoja na miezi minne, mwendo wa nusu siku kwa gari, kila mmoja akidhani mwenzake ameliwa na mto, mpaka mtu wa kilima chao alipomwona kijana sokoni hapa akapeleka habari. Mama yako akauliza, "Na hao wa shirika si huwa wanawatafuta watu?" Ukajibu, "Mama yake aliomba. Ila mkalimani aliandika kwamba ni mwongo." Kisha ukasema jina lake, Spesioza. Kisha, kabla sijameza tonge, ukaniuliza, "Baba, mshenga wao akija, utampokea?"

Nikainuka kwenda kuwaangalia mbuzi.

Mkalimani huyo ni mimi.

Unajua kwamba nilipostaafu nilikwenda Kibondo kwa kiangazi kimoja kufanya kazi ya ukalimani. Ulikuwa bado shuleni. Nilikuletea viatu vyeusi kutokana na kazi hiyo. Hukuuliza mengi, nami sikusema mengi, na wakalimani kambini tulikuwa wengi. Kwa hiyo inawezekana hukujua. Lakini inawezekana pia ulijua. Wiki mbili hizi nimekuwa nikikutazama unapofagia, unapokunja nguo zako, nikijiuliza kama uliposema neno lile "mkalimani" hukuinua macho kwa makusudi. Nimejiuliza kama kijana huyo alikupenda kwanza au alikutafuta kwanza. Nimejiuliza kama Spesioza anajua ni nyumba ya nani anayotaka kuingia. Nimeyapindua maswali hayo kama mtu anayekagua noti bandia kwenye mwanga, na sijapata jibu. Nakuandikia haya ili ujue baba yako ana mawazo ya namna gani, hata juu yako.

Sasa nikueleze yalivyotokea.

Tulikaa chini ya turubai. Meza moja, viti vitatu, na upande wa pili benchi la wakimbizi. Afisa wa shirika alikuwa binti wa Kizungu, mpole, aliyekuwa akilala saa chache mno. Kazi yangu ilikuwa kupokea Kirundi, ambacho sisi Waha tunakisikia kama lugha ya jirani wa ukuta mmoja, na kukitoa kwa Kiingereza. Siku hizo kulikuwa na udanganyifu. Watu waliazima watoto siku ya kuandikishwa ili mgao wa unga uongezeke, na tuliambiwa tuwe macho. Mimi sikuhitaji kuambiwa.

Spesioza alikuja siku ya kwanza na watoto wawili. Alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga kitenge cha rangi ya udongo, na hakuwahi kuegemea kitu. Afisa akauliza ana watoto wangapi. Nikamwuliza.

"Ni hawa," akasema.

"Wawili?"

"Ni hawa unaowaona."

Nikasema wawili, na afisa akaandika wawili.

Siku ya pili, baada ya wiki tatu, aliulizwa habari za safari. Akasema walivuka mto alfajiri, na kwamba kijana alikuwa ametangulia na godoro kichwani. Afisa akauliza kijana gani. Nikamwuliza. Spesioza akakaza kitenge chake. Kisha akasema mto ulikuwa umejaa.

Siku ya tatu alikuja peke yake. Alikaa muda mrefu akiisugua meza kwa kidole kama mtu anayefuta doa. Kisha akasema, "Yuko mwingine. Anaitwa Gervasi. Namwomba huyu binti amtafute." Afisa akafunua kurasa zake nyuma na mbele. Wawili, kijana asiye na jina, sasa watatu. Akanigeukia. "Kwa nini hakusema mwanzoni? Mwalimu, wewe unaonaje?"

Chini ya fomu kulikuwa na nafasi ya maoni ya mkalimani. Wenzangu waliiacha wazi. Mimi niliijaza kila mara, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Niliandika kwamba maelezo ya mama huyu ni "piecemeal", kwamba kumbukumbu yake ni "sporadic", na kwamba idadi ya watoto huongezeka kila anapohojiwa. Sentensi tatu. Hakuna kosa hata moja la sarufi ndani yake. Afisa alizisoma, akashusha pumzi, akaiweka fomu katika lundo la kushoto. Lundo la kushoto lilikuwa la mambo ya kusubiri, na pale kambini jambo likisubiri lilizikwa na mengine.

Sikukumbuka wakati ule jambo ambalo lingetosha kueleza yote. Nilikuja kulikumbuka baadaye, na sasa nakuandikia, kwa kuwa wewe hukumjua bibi yako.

Mama yangu hakuwahi kuhesabu watoto wake kwa mdomo. Mwandikishaji alipopita kijijini na kitabu chake akamwuliza ana watoto wangapi, mama alimjibu, "Waulize wanaokula hapa." Mwandikishaji alitukuta saba tumezunguka chungu, wawili kati yetu wakiwa wa jirani, akaandika saba. Mama hakumsahihisha. Kaka yangu mkubwa alipokwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, barua zake zikakatika, mama hakulitaja tena jina lake mbele ya mtu yeyote asiye wa nyumba ile. Mgeni akiuliza, alisema tuko hawa. Hakuwa amemsahau. Kila jioni alimbakizia chakula. Alikuwa akituambia kwamba aliye njiani ukimtaja mbele ya wageni unamfungia njia, na ukimhesabu na waliopo unawaita wanaohesabu wafu waje kuhakikisha. Ukitaka kumtaja, unamtaja kwa mtu uliyekwisha kumzoea, mara ya pili, mara ya tatu, na siku hiyo unakwenda peke yako, bila watoto wengine kusikia. Kaka alirudi mwaka wa sita. Mama alitoka uani akaliita jina lake kwa sauti mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka.

Sasa msome Spesioza tena. Siku ya kwanza, hawa unaowaona. Siku ya pili, kijana, bila jina. Siku ya tatu, peke yake, jina. Hakuwa akiongeza. Alikuwa anatuzoea. Alitupa kitu ambacho mama yangu alikaa miaka sita bila kumpa jirani, nasi tukakiweka kushoto.

Kila neno alilolisema nililitafsiri sawasawa, Devota. Ukimpata afisa yule leo na fomu ile, hutapata mahali nilipopotosha. Hilo ndilo limenilinda miaka hii mitatu. Nilipotosha pale nilipoulizwa kitu kimoja tu ambacho afisa hangeweza kukijua na mimi ningeweza, nikajibu kwa sifa za Kiingereza.

Huko uendako watakuja wanawake watakaokwambia wanaumwa kichwa, na kichwa hakiumi. Watarudi wiki ya pili waseme mgongo. Sina la kukufundisha juu ya hao, kwa sababu nakuona umeshajua. Ndivyo ulivyonitendea mimi. Wiki hizi nimeanza kushuku jambo jipya, na ni shuku ya kwanza katika maisha yangu ninayotamani iwe kweli: kwamba ulijua tangu mwanzo, na kwamba ulinipa habari kijiko kwa kijiko kama mnavyowapa uji wagonjwa wenu, ukitazama kama ninameza.

Nimesimama kidogo nikaenda mlangoni. Bado hamjaonekana njiani. Nimerudi nikasoma niliyoandika, na kuna sentensi moja ambayo haifai kubaki ilivyo.

Niliandika hapo juu kwamba sikukumbuka desturi ya mama yangu wakati ule. Si kweli. Sitaikata sentensi hiyo. Iache uione ilipo, ujue kwamba hata mimi, katika barua ya tatu, nimekuja kwa vipande.

Siku ile ya tatu, afisa alipotoka kwenda kunywa chai, nilitoka nje kunyoosha miguu. Fomu ilikuwa mezani, maoni yangu yameandikwa, lakini bado sijatia sahihi. Spesioza alikuwa amesimama kando ya turubai. Akanisogelea.

"Mwalimu," akasema, "wewe si wa mbali. Unatusikia."

"Mimi ni mkalimani tu, mama."

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao. "Mkalimani." Akanitazama kidogo. "Na wewe Mwalimu, una watoto wangapi?"

Ulimi wangu haukungoja ruhusa. "Wapo," nikasema. "Tunashukuru, wapo."

Akaitikia kwa kichwa pole pole, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka. "Basi unajua," akasema.

Nikaingia ndani, nikakaa, nikatia sahihi.

Sina la kuongeza juu ya hilo. Nimejaribu katika barua zile mbili kulieleza, kwa kutaja udanganyifu uliokuwapo, uchovu, jua la kiangazi kile. Yote yalikuwapo. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na wino haukuwa umekauka, na nilijua. Nadhani niliogopa kuonekana mbele ya binti yule wa Kizungu kuwa mmoja wa wale wa benchini. Nilikuwa nimetumia miaka thelathini kuhamia upande wa viti.

Sasa swali lako. Unajua desturi yetu: upande wa kijana ndio unaokuja. Baba wa binti hukaa kwake, hungoja, husikia hodi, na hakanyagi ua wa wakwe kabla wao hawajakanyaga wake. Nikifuata desturi, basi baada ya mavuno ya maharage mshenga atakuja, na nyuma yake ataingia mwanamke mrefu asiyeegemea kitu, atavua viatu mlangoni, atainua macho, na kunikuta nimekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, nikingoja kuombwa. Siwezi kuruhusu hilo. Upande wa pili, nikipanda basi kwenda Kibondo kabla yao, baba mtu mzima, kubisha hodi kwa mama wa mkwe asiyeniita, watu wa Kasulu watasema Mwalimu amekwenda kumtembeza binti yake kama kuku wa mnada, na wewe ndiwe utakayebeba maneno hayo, si mimi. Na kama Spesioza hajui, nitakuwa nimemletea mlangoni kidonda alichokwisha kukifunga, ili mimi nipate nafuu. Hilo nalo nalishuku. Najishuku mimi.

Gervasi simkatai. Hilo ulipokee hata kabla ya mengine. Jibu langu juu yake ni ndiyo. Kinachonisitisha si yeye, ni kiti gani nitakalia mama yake akiwa mbele yangu.

Barua hii nitaitia katikati ya sare zako mbili za kazi. Ni yako. Ukiona vema kumsomea Gervasi, msomee. Spesioza usimsomee, akitakiwa kusikia, atasikia kwa sauti yangu, kwa lugha anayoisikia, bila mkalimani. Akikuuliza kabla ya hapo habari za kwenu, na watoto wa baba yako ni wangapi, unajua la kumjibu.

Naona kitenge cha mama yako kwenye kona ya kanisa, nawe nyuma yake na kapu. Hamna haraka. Mnacheka tena.

Nitafikiri juu ya safari hiyo ya Kibondo, iwe yangu au yao. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, kabla sijapata nafasi ya kusahihisha.

Baba yako